Ufundi Ndani ya Baiti 446

Ukiweka Windows na Linux kwenye kompyuta moja ya nyumbani, kila ukiiwasha hutangulia menyu fupi ya maandishi: mstari wa Linux, mstari wa Windows, na sekunde zinazopungua moja moja. Mara nyingi menyu hiyo ni ya GRUB, programu iliyoanza mwaka 1995, Erich Boleyn alipotaka kuwasha mfumo wa GNU Hurd. Wengi huipita mbio. Mimi naona ni kazi ya kutazamwa polepole.

Anza na nafasi waliyopewa mafundi wake. Kompyuta ya zamani, inayoamshwa na BIOS, programu iliyo kwenye ubao mama, husoma kwanza sekta moja tu ya diski, yaani baiti 512. Humo, baiti 64 ni za jedwali la mgawanyo wa diski, na mbili za mwisho ni alama ya uthibitisho. Zinabaki 446, na aya hii unayoisoma haienei humo. Menyu haiwezi kukaa hapo, wala ujuzi wa kusoma faili, na GRUB hailazimishi. Kipande chake cha kwanza kinajua jambo moja: namba ya sekta kinakoanzia kipande cha pili, kilichowekwa kwenye upenyo ulioachwa kabla ya sehemu ya kwanza ya diski. Hicho cha pili ndicho kinachojua faili na folda, na ndicho kinachokwenda kuitafuta menyu.

Ujuzi huo wa kusoma faili ndio ninaouheshimu kuliko yote. LILO, iliyotangulia kutumiwa sana na watu wa Linux, ilikariri mahali kerneli, yaani kiini cha Linux, ilipolala kwenye diski. Uliyesahau kuiendesha upya baada ya kuweka kerneli mpya, ulijikuta na kompyuta isiyowaka. GRUB haikariri. Huitafuta kerneli kwa jina lake kila mara, na hata orodha ya menyu ikiharibika, hukupa mahali pa kuandika amri kwa mkono ukauwasha mfumo wako mwenyewe.

Kwa Windows hufanya tofauti. Haijaribu kuiwasha; huiita programu ya Windows yenyewe ya kuwashia, ikaikabidhi mashine na kujiondoa, kama rubani wa bandari anayeshuka melini baada ya kuivusha mwamba. Kujua kazi isiyo yako ni nusu ya ufundi.

Kompyuta za leo hutumia UEFI, mrithi wa BIOS, na ule ubano wa baiti 446 haupo tena. Kila mfumo endeshi una folda yake kwenye sehemu ndogo ya diski ya FAT32, na zamu ya nani aanze huhifadhiwa kwenye ubao mama. Zamani kuweka Windows upya kuliandika juu ya kipande cha kwanza cha GRUB kwenye sekta ya kwanza, na menyu yake ikapotea. Sasa aghalabu faili zake hubaki salama, na kinachohitajika ni kupanga zamu upya.

Safari ijayo menyu ikitokea, usikimbilie kubonyeza Enter. Bonyeza herufi c, andika ls, uone diski zako zikiorodheshwa kabla mfumo wowote haujaamka. Ukitosheka, Esc itakurudisha kwenye menyu.