Kabla ya seramiki, tuulize kwanza rangi yenyewe

Kila mwenye kupiga motokari yake rangi mpya siku hizi anaonyeshwa zile video: mtu anamwaga maji juu ya kapo, maji yanajikunja matone na kukimbia, kisha sauti inasema hii ni seramiki, ugumu wake 9H, inadumu miaka. Mimi si fundi wa garaji, niko mtu wa agronomia. Lakini kitu kinachouzwa kwa jina la sayansi, tuna haki ya kukipima kwa sayansi.

Tuanze na hiyo 9H. Wengi wanafikiri ni 9 ya ngazi ya Mohs, ile ya kupima ugumu wa mawe, ambapo almasi ni 10. Sivyo. 9H ni aina ya kreyo. Wanasukuma kreyo juu ya rangi, kutoka laini mpaka ngumu. Ile ya mwisho, 9H, isipochora, wanaandika 9H kwenye chupa. Kipimo ni cha kweli, ila mchanga wa barabara si kreyo. Mchanga una kwatzi, na kwatzi ni 7 kwenye Mohs. Tena utando wa seramiki kwa kawaida ni mikroni moja ao chache tu, wakati unywele wa mtu ni karibu mikroni 70. Jiwe linaloruka kwenye njia ya udongo kati ya Nyunzu na Kalemie halisimamishwi na utando huo. Linapita vernisi, linapita rangi, linafika chuma, na kutu inaanza.

Na yale matone? Jani la taro linayafanya bure. Matone yanaonyesha kwamba uso unakataa maji, hayaonyeshi kwamba uso ni mgumu. Nta ya kawaida nayo inayatoa. Na yakikaukia juani, yanaacha madoa meupe ya chumvi iliyokuwa ndani ya maji.

Tusiwe wabaya, seramiki ya kweli ina kazi yake. Ni silika inayokomaa na kushika vernisi. Vumbi jekundu la kiangazi linatoka bila kusugua sana, na hiyo ni faida kubwa, juu kusugua ndiko kunachora rangi. Mavi ya ndege hayaili vernisi haraka. Nta inaisha kwa wiki ao miezi michache. Seramiki inaweza kupita mwaka.

Lakini kile video hazisemi ndicho kinachotuhusu: rangi mpya inaonekana kavu kabla haijakauka ndani. Sisi watu wa kilimo tunajua mambo haya kwa mahindi. Punje ikiguswa ni kavu, lakini ukiifunga kwenye mfuko kabla unyevu haujashuka karibu 13 kwa mia, unafungua kuvu. Rangi pia inatoa mvuke wa dawa iliyoiyeyusha. Ukiifunika mapema, mvuke unakosa njia: mng'ao unafifia, ao vipovu vinatokea. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kungoja siku 30, na watengenezaji wengine wa rangi wanaomba 60 ao 90. Rangi iliyokaushwa kwenye furu ya garaji kubwa inangoja muda mfupi zaidi. Ile iliyopigwa chini ya hangari ao kivuli cha mwembe, tena wakati wa mvua, isipewe hesabu ya furu.

Kwa hiyo swali la kwanza si "chupa gani?" Ni "fundi alitumia rangi gani?" Kama ni ile ya kuchanganya na dawa ya kukomaza, inakomaa kwa kemia yake, na baada ya muda ulioandikwa kwenye karatasi yake unaweza kupaka. Kama ni rangi ya mafuta, ya sawa na ile ya milango ya chuma, inakomaa kwa kuvuta oksijeni ya hewa, polepole, na kuifunika mapema ni kuiziba pumzi. Hapo seramiki haina kazi.

Swali la pili: je, fundi amemaliza? Kama rangi imechirizika ao ina maganda sawa ya chungwa, arekebishe kwanza. Seramiki ikishakomaa haitoki kwa sabuni, inatoka kwa kusugwa. Na siku utarudia kupiga mlango mmoja rangi, mabaki yake yasipoondolewa kabisa, rangi mpya itakataa kushika na kufanya mashimo madogo.

Hukumu yangu ni hii. Kijana anayetafuta mkate na motokari yake kwa njia zetu, pesa yake ya kwanza iende kwenye kuondoa kutu, rangi ya chini iliyo nzuri na vernisi ya kutosha. Kisha angoje, akiosha kwa maji safi na kitambaa laini. Muda ukipita, nta inatosha kwa wengi. Seramiki ni ya yule ambaye rangi yake ni ya kukomaza, imepita siku zake, na ana pesa inayobaki. Seramiki inahifadhi kile inachokikuta: ikikuta kazi nzuri, inahifadhi uzuri, ikikuta kutu iliyofunikwa na mastiki, kutu itaendelea kula chini yake, na juu inang'aa.