Mche Hutazamwa Chini Kwanza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika vitalu vya kando ya barabara, Dar es Salaam hata Mombasa, kibaya hujitembeza kwa maua. Bogenvilia iliyowaka rangi mpaka majani hayaonekani ndiyo huwekwa mbele, na mnunuzi mgeni huondoka nayo hiyo hiyo. Lakini bogenvilia huchanua zaidi ikibanwa na kunyimwa maji. Rangi yake haikwambii kama mche una afya. Pengine inakwambia tu kwamba umeshinda na kiu. Mjuzi hupita hapo, akainama.

Anza na kiriba. Kinyanyue taratibu. Ukisikia mizizi inakatika chini, mche huo ulishahamia ardhini zamani, na unachokwenda nacho nyumbani ni nusu yake. Kisha omba kuona ndani.

"Kaka, nifungulie kidogo nione mizizi."

"Utaniulia mche, mama."

"Ukifa naulipa."

Fundi anayejiamini atapasua kiriba upande mmoja kwa wembe. Asiyejiamini atapunguza bei. Ndani unatafuta ncha nyeupe, udongo unaoshikana bila kuwa tofali, na harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Mizizi ya kahawia inayochubuka ukiigusa, yenye harufu ya uvundo, imeoza kwa maji. Mizizi iliyojiviringa kuzunguka kiriba inasameheka kwa ua la msimu mmoja, ila kwa mwembe au mparachichi haisameheki: mti utakua nayo hivyo hivyo, na upepo wa kusi utakuja kuulaza siku umeanza kuzaa.

Ukikuta vinundu kwenye mizizi, usikimbie kabla hujavisugua. Kwa jamii ya kunde, kinundu kinachobanduka kwa ukucha na chenye wekundu ndani ni neema; humo bakteria huandaa naitrojeni. Kinundu kisichobanduka kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba ni kazi ya minyoo fundo. Mche huo usiingie kwako hata kwa zawadi, kwani minyoo ikishaingia kwenye udongo wa bustani haitoki kwa urahisi.

Majani nayo yana upande wa kusomwa, nao ni wa chini. Huko ndiko waliko vidung'ata, wadudu magamba, inzi weupe na utitiri. Hata kama huoni mdudu, tazama sisimizi: wakiwa wanapanda na kushuka kwenye shina kwa msururu, wanafuata utomvu mtamu unaoachwa na vidung'ata au vidukari huko juu.

Hayo ni ya sokoni. Lakini bustani nyingi za pwani hazikujengwa kwa kununua. Zimejengwa kwa kuombana juu ya ua. Hapa asumini ndiyo mwalimu. Ile ya kwetu, ya vikuba na mashada, huzalishwa kwa kukata tawi na kulichomeka, na tawi litakalokua litakuwa kama mama yake. Kwa hiyo usiulizie mche, uulizie mama. Nenda jioni, vitumba vinapoanza kufumbuka, uone kama harufu inakufikia kabla hujaufikia mti wenyewe. Angalia pia kama mwaka jana ulikatwa ukachipua upya, maana asumini isiyokatwa huwa fungu la vijiti. Mimi huchagua ile ya petali chache. Ile ya petali nyingi inapendeza kwa mbali, lakini maua yake hung'ang'ania mtini yakawa ya kahawia, na kuyatunga ni kazi.

Tawi lenyewe lisiwe bichi linalopinda kama uzi, wala lisiwe kavu la kijivu. La katikati, lenye vifundo vitatu au vinne, likatwe chini kidogo ya kifundo kwa kisu kikali. Majani ya chini yaondolewe, lichomekwe kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini. Jirani anayekupa tawi alilolikwanyua kwa mkono amekupa heshima, lakini ile ngozi iliyochanika ndipo uozo huanzia. Likate upya kabla hujalichomeka.

Mkilua una kipimo kingine. Ni mti wa kivuli, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na wataalamu wa mimea walipouandika mwaka 1970 waliipa jenasi yake jina hilo hilo la Kiswahili, Mkilua. Ukiukuta umepangwa juani na majani yamekuwa manjano, mwenye kitalu hajui anachouza. Ukikuta shina nene, la miaka, limesimama kwenye kiriba kipya chenye udongo usioshikana na mizizi, huo umeng'olewa msituni majuzi. Uache. Mara nyingi haushiki, na ukishika umewalipa wanaoumaliza msitu.

Kwa migomba, jicho zuri huokoa miaka. Shina mama hutoa machipukizi ya aina mbili. Moja lina majani membamba kama upanga na kitako kipana. Hilo limeshikamana vizuri na tunguu la mama, nalo ndilo la kuchukua. Jingine lina majani mapana mapema, shina jembamba, linavutia kama mgomba mdogo uliokamilika. Wengi huchagua hilo la pili kwa sababu lina sura ya mgomba. Ni dhaifu, na mkungu wake utakuwa mdogo. Ukishapata la upanga, menya kitako mpaka kiwe cheupe. Ukiona vichochoro vyeusi, fukusi wamepita humo. Menya zaidi, na vichochoro vikizidi kuingia ndani, tupa. Kitako kilichomenywa kikizamishwa kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, minyoo iliyobaki hufa na chipukizi hubaki hai.

Kuna jambo ambalo jicho haliwezi. Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, ukafika Kagera miaka michache baadaye, na chipukizi lenye ugonjwa huo linaweza kuonekana zima kabisa. Hapo kinachopimwa ni shamba lilikotoka. Kama huwezi kwenda kuliona, au mwenyewe anasitasita ukimuuliza habari za ndizi zilizooza ndani kabla ya kuiva, shukuru kwa adabu usichukue. Panga la kukatia nalo lipitishwe motoni kila unapohama kutoka shina hadi shina.

Mwembe wa kubebesha usomwe pale kwenye kiungo. Kiwe kimeziba pande zote, na nailoni ya kufungia iwe imeondolewa. Ikibaki hukaba shina likaota shingo. Chini ya kiungo pasiwe na chipukizi hata moja, maana hilo ni la mwembe wa mbegu uliobebeshwa, nalo likiachwa litaishinda dodo uliyoilipia. Majani ya juu yawe yamekomaa kijani. Yakiwa bado mekundu, laini, yananing'inia, mche usisafirishwe, rudi baadaye. Kwa mchungwa ongeza sharti moja: kiungo kiwe juu ya udongo kwa kiasi cha shibiri, kwa sababu kikizikwa, ugonjwa wa kutoa gundi hupandia hapo.

Waridi la jangwani, lile la tumbo nene, ndilo linalodanganya wengi. Thamani yake ni kitako kilichovimba, na kitako kizuri hutokana na mbegu. La tawi huchanua upesi lakini kwa kawaida hubaki na shina lililonyooka, halina lile umbo. Libonyeze: liwe gumu. Likibonyea limeanza kuoza, na hakuna dawa ya maana. Utomvu wake ni sumu iliyopakwa mishale tangu zamani. Nawa mikono, wala usiliweke mahali mtoto anapotambaa.

Anayegawa naye hupimwa. Mgawaji mzuri anakupa kitu kilichokwisha kutoa mizizi, mwanzoni mwa masika, pamoja na habari zake: jina, mama yake alipo, anapenda jua au kivuli, alichanua lini mara ya mwisho. Halafu anajua cha kutogawa. Gugu maji lilipendwa kwa ua lake la zambarau lilipotolewa Amerika ya Kusini na kupelekwa kwenye madimbwi ya watu; mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limefika Ziwa Victoria, likafunga bandari na njia za wavuvi. Mmea unaojizaa bila kuombwa, unaovuka ua wenyewe, usiupeleke kwa jirani kwa sababu tu umekuzidi. Na kwa kuvuka mpaka wa nchi, hata tawi moja la asumini mkobani linahitaji cheti cha afya ya mimea: Kenya hutolewa na KEPHIS, Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Mpapai nimeuacha mwisho kwa sababu hauna siri. Mche wa mpapai uliooteshwa kwa mbegu hautambulikani kwa macho kama ni dume au jike mpaka utoe maua. Ndiyo maana wakulima hupanda mitatu shimo moja, kisha wakang'oa madume. Mwuzaji akikuapia kwamba huu ni jike, ameutazama jani akajua, usinunue mpapai kwake, wala kitu kingine chochote.