Maziwa Matatu, Jibu Moja

Lile jiwe lilikuwa matokeo tu. Kosa lilikwisha kufanyika mapema, mezani, mchana kweupe. Sote tuliona mwezi Mei 2024: Google ilimkabidhi msaidizi wake wa akili mnemba kazi ya kupekua mtandao na kuandika muhtasari juu ya orodha ya matokeo. Siku chache baadaye muhtasari huo ukamshauri mtu atie gundi kwenye piza ili jibini isidondoke, na mwingine ale walau jiwe moja dogo kila siku, kwa kauli ya wanajiolojia wa Berkeley. Watu wakasambaza picha na kuilaumu mashine kwamba haijui mzaha. Mimi nawalaumu waliokubali ijibu swali lenye shahidi mmoja.

Turudie tukio hatua kwa hatua. Swali liliingia. Mfumo ukaenda kutafuta kurasa, na kurasa zikawa chache mno, maana hakuna mtu mzima anayekaa kuandika kwa dhati idadi ya mawe ya kula. Kulikuwa na andiko la mzaha la gazeti la The Onion la mwaka 2021, na kampuni moja ya programu za jiolojia ilikuwa imelinakili kwenye tovuti yake. Mfumo ukakuta maneno ya swali yamejaa kwenye ukurasa wa watu wa miamba, ukauchukua. Mpaka hapo sina ugomvi: utafutaji ulileta kilichokuwapo, na msaidizi alisoma sawasawa kilichoandikwa. Ugomvi wangu unaanzia hatua inayofuata. Akishaona mikononi ana ukurasa mmoja na nakala yake, msaidizi anaweza kunyamaza na kumwachia msomaji orodha. Anaweza kusema, "Ukurasa huu mmoja ndio unaodai hivi," na kuutaja. Au anaweza kuandika kana kwamba jambo linajulikana duniani kote. Waliounda mfumo walimwachia hiyo njia ya tatu, na kuiweka juu kabisa ya ukurasa.

Tarehe 30 Mei mkuu wa utafutaji wa Google, Liz Reid, alieleza kwamba hilo lilikuwa pengo la taarifa, eneo ambalo mtandao hauna maandishi ya maana. Sawa. Lakini pengo hilo wataalamu wamelipa jina tangu 2018. Ukijua barabara ina shimo, ukamtuma dereva usiku bila taa, huwezi kulitaja shimo kuwa ndiyo sababu.

Wasomaji wa safu hii wanaujua ugomvi wangu wa zamani na kile kisanduku cha jibu kilichoanza kukaa juu ya matokeo ya Google mwaka 2014. Mwaka 2023 kisanduku hichohicho kilitangaza kwamba hakuna nchi ya Afrika inayoanza na herufi K, na kwamba iliyo karibu ni Kenya. Majirani zetu wakafutwa kwenye alfabeti! Na maneno yale yalitoka kwenye ukurasa uliobeba jibu la ChatGPT: mashine imeandika, mashine nyingine imeokota, mtoto wa shule anasoma. Onyo lilikuwa limetolewa miezi kadhaa kabla ya jiwe.

Kazi nzuri ilikuwapo: Desemba 2021 OpenAI walionyesha WebGPT, mfumo uliofundishwa kutafuta, kufungua kurasa na kubeba nukuu za kutetea kila jibu.

Ila mabingwa wa kazi hii mimi nawatafuta hapa kwetu. Mwaka 1856 ilichapishwa ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann. Walikuwa pwani, wakawauliza watu wa misafara ya njia mbalimbali safari zao huishia wapi. Wa kusini akasema ziwani, wa magharibi akasema ziwani, wa kaskazini akasema ziwani. Kila shahidi alisema kweli. Wamisionari wakajaza maji katikati ya kauli zao, na Ulaya ikapata ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ni muhtasari uleule: mshono umefutwa, msomaji haoni nani alisema nini.

Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, wameibeba ramani hiyo. Mwenyeji wao, mfanyabiashara Mwomani Snay bin Amir, alipoonyeshwa akasema wamisionari wameyaunganisha maziwa matatu kuwa moja: Nyasa, Ujiji (Tanganyika) na Ukerewe (Victoria). Akaongeza kwamba la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Huyo ndiye mtafiti. Alikaa penye njia panda ya misafara, na kila habari aliiacha kwenye njia yake. Speke aliondoka Kazeh Julai 1858 kwenda kuhakikisha, na tarehe 3 Agosti akafika Mwanza akaliona. Watoto wa shule wa Chemchem, hapa Tabora, bado wanafundishwa kwamba Speke "aligundua". Speke alithibitisha alichoambiwa Tabora, na jina la Snay bin Amir lilistahili kuwa kwenye mtihani.

Google ilisema imefanya marekebisho zaidi ya kumi na mbili, yakiwamo ya kupunguza mzaha na maoni ya watu wa kawaida kwenye majibu. Hayo yanaziba jiwe na gundi. Kwetu pengo ni jambo la kila siku. Mkulima wa tumbaku wa Urambo akiuliza kwa Kiswahili kipimo cha dawa ya wadudu, kurasa zitakazomjibu huenda zikawa mbili, na ya pili imenakili ya kwanza, ambayo ni ya muuzaji. Nakala si shahidi wa pili. Msaidizi asipopata mashahidi wawili wasioigana, kwa swali la sumu au dawa, amtajie mkulima ukurasa alioupata, amwambie ni wa nani, kisha amwelekeze kwa bwana shamba.