Fundi wa Vineno

Weka. Juu. Na. Mwanafunzi akiyapekua maneno hayo moja moja katika kamusi ndogo, hatakuta uvumilivu popote. Lakini kwa Kiingereza ukisema "put up with", umesema kwamba jambo linakuchosha na bado unaishi nalo. Ondoa "with", maana zinatawanyika: "put up" ni kutundika tangazo, kusimamisha hema, kumpa mgeni pa kulala. Na hema unaweza kuliingiza katikati, "put the tent up", ila kero haiingii humo. Katika sentensi ya kawaida hukaa mwisho.

Samuel Johnson aliyaona haya mapema. Katika dibaji ya kamusi yake, iliyotoka London mwaka 1755, alivitaja vitenzi vya namna hii kuwa taabu kubwa kuliko zote kwa wageni wa Kiingereza, akasema amevikusanya kwa uangalifu. Katika dari ya nyumba yake, Gough Square, wasaidizi 6 walinakili sentensi alizozipigia mstari vitabuni. Kazi hiyo naiheshimu mno: kutoiamini maana mpaka uione ikitembea ndani ya sentensi.

Maana kisawe peke yake hakitoshi. Kwa "put up with" wengi tutaandika "vumilia", na hatutakuwa tumekosea. Lakini kuvumilia kwetu ni sifa. Mvumilivu hula mbivu. Kitenzi cha Kiingereza hakiahidi tunda lolote. Mimi napenda zaidi "kuchukuliana na", kwa kuwa mzigo unasikika mle ndani, hata kama neno lenyewe lina upole ambao Mwingereza hakuutia. Hapo ndipo fundi wa kamusi huongeza mfano: mpangaji anachukuliana na kelele za gereji ya jirani kwa sababu kodi ni ndogo. Msomaji akifika kwenye kodi, ameelewa.

Mgeni anayejifunza Kiswahili naye ana dhiki yake. Amejua kukata kuni, amejua kukata mkate. Kisha anasikia huyu amekata shauri, yule amekata rufaa, mwingine amekata kiu, na mzee wa nyumba ya pili amekata roho alfajiri. Anamhitaji fundi yuleyule, aketi amwandikie sentensi moja moja, bila haraka, na hiyo ya mzee aiandike kwa adabu.