Mkono Uliotangulia Macho

Wapo wanaoidharau kazi ya André Masson kwa sababu moja, na wapo wanaoisifu kwa sababu hiyo hiyo: ati alichora bila kufikiri. Nadhani pande zote mbili zimewasikiliza wasemaji wa kundi lake kuliko zilivyoitazama michoro yenyewe.

Kundi hilo lilikuwa la wasurealisti, na msemaji wake mkuu alikuwa mshairi André Breton, aliyetoa ilani yake mjini Paris mwaka 1924. Breton alitaka akili ivuliwe madaraka, mkono uandike wenyewe. Masson aliyachukulia maneno hayo kwa uzito. Alishika kalamu ya wino, akauacha mstari ukimbie juu ya karatasi, ujikunje, ujikate, mpaka humo ndani kikachomoza kiganja, titi au samaki. Mwaka 1926 akaongeza mchanga. Alimwaga gundi kwenye turubai, akanyunyiza mchanga, kisha akaikung'uta. Penye gundi mchanga ukabaki. Hapo ndipo alipotazama amepata nini, akatia mistari na rangi kidogo. Ndivyo ilivyozaliwa picha ya "Vita vya Samaki", iliyopo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Samaki wana meno makali, wanararuana, na wekundu umetapakaa.

Mchanga ulimletea bahari, nakubali. Lakini vita je? Aprili 1917 mtu huyu, akiwa askari wa Ufaransa, alijeruhiwa vibaya kifuani katika mapigano ya Chemin des Dames. Mkono ulioachiwa huru hauendi popote tu, msomaji wangu. Huenda unakopajua.

Baadaye Masson alizama katika visasili vya Wayunani, na hapo pana mgogoro wa kweli. Kisasili kina mwanzo na mwisho unaojulikana. Pasiphae, mke wa Minos mfalme wa Krete, alimtamani fahali, akamzaa Minotauro, nusu mtu nusu ng'ombe, naye akafungiwa katika jumba la vichochoro lisilo na njia ya kutokea. Mkono usiojua uendako utaichoraje hadithi inayojua iendako?

Jibu lake la mwaka 1938, picha aitwayo "Labirinthi", ni la ajabu: jumba halimzunguki mnyama, bali limo mwilini mwake. Ngozi imefunuka, na ndani mna kuta na ngazi zilizoshikamana na nyama. Ni wazo kubwa kuliko yote aliyopata. Hata hivyo, kwa macho yangu picha hiyo ni baridi. Kila ngazi imewekwa kwa uangalifu mno. Hofu imeelezwa, haikutokea. Namwamini zaidi alipokuwa Marekani, kati ya 1941 na 1945, alipomrudia Pasiphae: mwanamke na fahali wamesokotwa kwa mstari mmoja, huwezi kusema wapi mmoja anaishia na mwingine anaanzia.

Huko huko Marekani, mwaka 1943, Jackson Pollock naye alichora picha iitwayo "Pasiphaë". Awali aliifikiria kwa jina la nyangumi, "Moby Dick". Malkia wa Krete aliingia rangi zikiwa zimekwisha kuwekwa.