Akiba ya taarifa huoza

Tarehe 7 Februari 2020, mdukuzi aliingia kwenye mfumo wa Blackbaud, kampuni ya Charleston, South Carolina, inayoyauzia mashirika ya hisani, vyuo vikuu na hospitali programu za kutunza orodha za wachangiaji wao. Hakuvunja kitu. Alitumia jina na nenosiri la mteja mmoja wa kampuni hiyo, akapita kama mwenyeji. Alikaa humo hadi tarehe 20 Mei, ndipo mhandisi mmoja alipoona mtu asiyeeleweka kwenye seva ya nakala rudufu. Kampuni hiyo ilikuwa na wateja wengi walioguswa: zaidi ya 13,000, kila mmoja na watu wake.

Mwizi anamtafutia nini mtoa sadaka? Jibu limo kwenye faili lake. Mna jina, anwani, simu, tarehe ya kuzaliwa, kiasi alichotoa na lini. Mashirika makubwa huongeza na makadirio ya mali yake. Desemba 2016, msimamizi wa ulinzi wa taarifa Uingereza (ICO) aliyatoza faini mashirika mawili ya hisani, RSPCA pauni 25,000 na British Heart Foundation pauni 18,000, kwa kuwapima wachangiaji wao utajiri kimyakimya ili kujua nani aombwe zaidi. Faili la namna hiyo linaeleza mtu anaguswa na nini na ana uwezo gani. Tapeli akikupigia simu huku anajua mwaka jana ulichangia hospitali gani na kwa shilingi ngapi, atakuwa ameshavuka nusu ya safari.

Turudi kwa mdukuzi wetu. Nenosiri la mteja mmoja lilipaswa kumfikisha kwa mteja huyo tu. Kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani (FTC), alipokwisha kuingia alitembea atakavyo kutoka hifadhidata moja hadi nyingine, akitumia mianya ya programu zilizopitwa na wakati, na akajifungulia akaunti mpya za msimamizi. Hilo ndilo kosa la kwanza: mifumo ya wateja haikutengwa kwa kuta za kutosha. Manenosiri dhaifu yaliachwa, na uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kutumiwa namba ya siri kwenye simu kabla ya kuingia, haukulazimishwa.

Kosa la pili ni dogo kwa sura, na kila aliyewahi kufanya kazi ya ofisi atalitambua. Programu ilikuwa na visanduku maalumu vya namba za siri, kama za akaunti ya benki na za hifadhi ya jamii. Kinachoandikwa humo husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa herufi zisizosomeka bila ufunguo. Lakini mfumo uliwaruhusu wateja kuandika namba hizo hizo kwenye visanduku vya kawaida, na kuambatisha nyaraka zenye taarifa za watu bila kuzisimba. Karani mwenye haraka huandika panapopatikana nafasi: kwenye sehemu ya maelezo, chini ya neno la shukrani. Hapo kufuli ya kisanduku maalumu haina kazi. Mafaili ya nakala rudufu nayo hayakusimbwa, na huko ndiko mdukuzi alikochota.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote. Blackbaud ilikuwa imehifadhi kwa miaka taarifa za wateja waliokwisha kuondoka, hata za waliowahi kufikiria tu kujiunga. Shirika lilikuwa limevunja mkataba na kuhamia kwingine, lakini wachangiaji wake walibaki kwenye seva ya kampuni ambayo hawakuwahi kuisikia. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikuwa wakizungumzia ghala la chakula. Akiba ya taarifa za watu huoza: kila mwaka manufaa yake hupungua, na hasara yake ikivuja hubaki ileile. Nenosiri huweza kuibwa na programu huweza kutoboka, hata kwa aliye makini. Taarifa iliyofutwa haiibiki.

Yaliyofuata yaliongeza chumvi kwenye kidonda. Kampuni ililipa kikombozi cha bitcoin 24, takriban dola 235,000 kwa thamani ya wakati huo, ikaahidiwa na mdukuzi kwamba data itafutwa. Ahadi hiyo haikuweza kuithibitisha. Iliwaarifu wateja tarehe 16 Julai, karibu miezi miwili baada ya kugundua, na ikasema namba za benki na za hifadhi ya jamii hazikuguswa. Kabla ya mwezi huo kwisha, baadhi ya wafanyakazi wake walijua kwamba ziliguswa. Kwa mujibu wa Tume ya Dhamana ya Marekani (SEC), habari hiyo haikufikishwa kwa wakubwa wanaohusika na kutoa taarifa kwa umma. Bili ilikuja baadaye: dola milioni 3 kwa SEC mwaka 2023, dola milioni 49.5 kwa majimbo 49 pamoja na Washington D.C. mwaka huohuo, na mwaka 2024 amri ya FTC ya kufuta data isiyohitajika na kuweka ratiba ya kufuta.

Aibu, hata hivyo, iliyapata mashirika. National Trust, shirika la hisani la Uingereza lililotumia programu hizo, ilibidi iwaandikie watu wake wa kujitolea kuhusu seva isiyokuwa yake. Mchangiaji alilipa shirika imani, hakuipa kampuni ya programu, kwa hiyo hesabu anaidai kwa shirika.

Sheria za kwetu zinalitambua hilo. Data ikivuja, Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeichakata kwa niaba ya shirika alijulishe shirika hilo ndani ya saa 48 inapowezekana, nalo shirika limfikishie Kamishna wa Data habari ndani ya saa 72. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini sheria haipiti kwenye kompyuta ya mhazini kufuta safu. Kazi hiyo ni ya shirika lenyewe: kuuliza kila kisanduku kipo kwa sababu gani, kuweka tarehe ya kufuta, kupekua sehemu ya maelezo, na kuandika kwenye mkataba kwamba siku tukiachana na kampuni, data inafutwa na ushahidi unaletwa. Na kuacha ile tabia ya kurusha kwenye kundi la WhatsApp orodha ya michango yenye jina, namba ya simu na kiasi cha kila mtu.

Nawe mchangiaji, kabla ya kujaza fomu, muulize katibu mambo matatu: mnahifadhi nini changu, kwa muda gani, na nani mwingine anacho? Akibabaika, toa mchango wako kama moyo unavyokutuma, lakini namba ya kitambulisho baki nayo.