Mhariri kutoka Butiama

Tukimtaja Mwalimu Julius Nyerere, wengi wetu tunaanzia Ikulu na Azimio la Arusha. Mimi kwa miaka mingi nimevutiwa na Nyerere mwingine, yule wa meza na karatasi. Huyu ndiye aliyeanzisha gazeti bila mtaji, akasimamia magazeti ya chama na ya taifa, akaisema nchi redioni, akafasiri tamthilia za Shakespeare, na uzeeni akakaa kijijini kwake akitunga tenzi. Siku hizi mtu akimiliki redio, gazeti na kampuni ya vitabu tunamshangilia, na anastahili. Mwalimu hakumiliki hata kimoja kwa jina lake wala hakupata faida, lakini ni wachache waliopita katika fani zote hizo na kuacha kazi inayosomeka.

Tuanze na lugha yenyewe. Mtoto wa Mtemi Burito alizaliwa Butiama mwaka 1922, akakua akisema Kizanaki. Alipopelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikuwa na umri wa miaka 12, na Kiswahili ilibidi ajifunze darasani kama somo lingine lolote. Nadhani hapo ndipo ulipo mzizi wa ufundi wake. Anayejifunza lugha akiwa na akili za kutosha huiona ilivyoungwa, kiungo kwa kiungo. Mwaka 1955, alipoacha kazi ya ualimu Pugu kwa ajili ya siasa, alirudi nyumbani, na kwa miezi kadhaa akamfundisha Kizanaki Padri Arthur Wille wa shirika la Maryknoll, huku akimsaidia kufasiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo. Wanaosimulia harakati za uhuru huupita upesi mwaka huo. Mimi ningeukalia zaidi: kiongozi wa TANU, ametoka tu Umoja wa Mataifa, New York, yuko kijijini anapima neno moja la Kizanaki dhidi ya neno moja la katekisimu.

Kisha ikaja Sauti ya TANU, gazeti lile aliloanzisha bila mtaji. Lilikuwa gazeti la kudurufu, na vijana wa leo inafaa waelezwe maana yake. Unachukua stensili, karatasi laini iliyopakwa nta. Unaitia kwenye taipureta iliyoondolewa utepe, ili herufi za chuma zitoboe nta badala ya kuacha wino. Ukikosea, unapaka dawa juu ya kosa, unangoja ikauke, unapiga tena herufi palepale. Stensili ikikamilika unaifunga kwenye ngoma ya mashine yenye wino, unazungusha mkono, na karatasi zinatoka moja moja. Stensili haikuvumilia maneno mengi. Kila sentensi ya ziada ilikuwa jasho, na kosa lililopita bila kuonekana lilizaliwa upya katika kila nakala. Kazi ya namna hiyo humfundisha mwandishi kufikiri kwanza.

Toleo la 29, mwaka 1958, lilimpeleka mahakamani. Makala yake iliwashutumu maofisa wawili wa wilaya wa serikali ya kikoloni, na Mwalimu akashtakiwa kwa kashfa. Alitetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, pamoja na K. L. Jhaveri na Mahmud Rattansey. Alipatikana na hatia, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ililipwa. Ninachokiheshimu hapo ni kwamba hakujificha nyuma ya mpiga chapa wala mwandishi asiye na jina. Yeye ndiye mhariri, kilichochapwa ni chake. Mhariri asiye tayari kusimama kizimbani kwa ajili ya aya aliyoipitisha, kalamu yake nyekundu ni pambo tu.

Baada ya uhuru kazi ilipanuka. Gazeti la chama, Uhuru, lilianza mwaka 1961. The Nationalist likafuata mwaka 1964, na miaka miwili baadaye likakabidhiwa kijana aliyeitwa Benjamin Mkapa, ambaye sote tunajua alikofika. Februari 1970 serikali ilitaifisha The Standard. Rais mwenyewe akachukua cheo cha mhariri mkuu, na kazi ya kila siku akampa Frene Ginwala wa Afrika Kusini. Katika toleo la kwanza Mwalimu aliandika mwongozo wa gazeti: liunge mkono ujamaa, lakini liwe huru kukosoa utekelezaji wake na kusema ukweli. Ni andiko zuri. Hata hivyo, mwaka uliofuata Ginwala aliondolewa baada ya tahariri iliyomkosoa Nimeiry, kiongozi wa Sudan. Sioni sababu ya kulifunika hilo. Mhariri mkuu akiwa ndiye mkuu wa nchi, ipo siku mmoja atamnyamazisha mwenzake, na siku hiyo aliyenyamazishwa ni mhariri. Tulipoteza kitu pale.

Redioni alikuwa na nafasi nyingine, na huko sina shaka naye hata chembe. Kumbukeni Novemba 1978, alipotangaza kwamba tutampiga Idi Amin. Waliokuwa na umri wa kuelewa wakati huo bado wanaweza kuitaja hotuba ile, nao wanaanza na uwezo, wanaendelea na sababu, wanamalizia na nia. Chunguzeni ilivyojengwa. Kila sentensi inaanza na jina, linafuata jambo lenyewe la kumpiga, na kitenzi kinakaa mwisho: tunao, tunayo. Kumbe ni kama vina! Mtu akiisikia mara moja kwenye redio ya mkulima, betri zikiwa zinakaribia kwisha, anaondoka nayo kichwani nzima nzima. Ndio mkono uleule wa stensili: hakuna neno la kupunguza.

Lakini ukitaka kumwona fundi akiwa peke yake na kazi yake, nenda kwenye vitabu. Akiwa Rais wa nchi changa, mwaka 1963, alitoa tafsiri ya Julius Caesar. Wengine wangeridhika. Yeye aliirudia, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Shakespeare aliandika sehemu kubwa ya tamthilia hizo kwa ushairi usio na vina, na Mwalimu akajaribu kuutia mwendo huo katika Kiswahili, lugha ambayo washairi wake walikuwa wakali mno kuhusu vina. Ulikuwa uthubutu mkubwa.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, akiwa amestaafu Butiama, alishika upande wa pili kabisa. Aliziingiza Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika utenzi, vitabu vilivyochapwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Jumla ni sura 117 za Maandiko. Kanuni ya utenzi tunaijua tangu shuleni: mistari minne katika ubeti, mizani minane kwa kila mstari, mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne unabeba kina cha bahari kinachorudi hadi mwisho. Sasa hesabu mwenyewe. "Yohana Mbatizaji" ni mizani minane kamili. Jina hilo likiingia, mstari umekwisha na hujasema alifanya nini. "Yerusalemu" ni mizani mitano. Imebaki mitatu tu. Na huna ruhusa ya kubadili habari, kwa kuwa ni Maandiko Matakatifu. Mzee wa zaidi ya miaka 70, ambaye angeweza kupumzika kwa heshima zote, alikaa akihesabu silabi kwa vidole, sura baada ya sura. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote za kalamu, na ndiyo inayosomwa kidogo kuliko zote.

Tena inasikitisha kwamba hata sisi wa Mara hatuijui. Watoto wa Musoma hupelekwa kwenye makumbusho ya Butiama, wanaliona kaburi, wanapiga picha, wanarudi. Walimu, siku ya safari hiyo chukueni na kitabu. Beti kumi zisomwe kwa sauti pale pale, na watoto wahesabu mizani. Nanyi wenzetu wa Victoria FM mjini Musoma na Mazingira FM kule Bunda, mna vipaza sauti na mna wasikilizaji. Ombeni ruhusa kwa wachapaji, tengeni dakika kumi kila jioni, mtafuteni msomaji mwenye sauti ya utenzi, na muanze na Mathayo, sura ya kwanza.